Hana pa kuandikisha, na anakohoa

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Nauza chai na vitumbua karibu na soko hapa Mtwara mjini. Kuna kijana mbeba mizigo analala kwenye magunia matupu kibarazani kwangu. Anakohoa mwezi sasa, na suruali anaifunga kwa kamba. Nikimwambia aende hospitali anasema, "Nitaandikisha naishi wapi?" Nina mtoto wa miaka 3, naogopa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kikohozi cha wiki 2 tu kinatosha mtu kupimwa kifua kikuu (TB), sembuse mwezi na kukonda juu. Mpeleke kesho, hospitali ya Ligula au zahanati ya karibu. Kupima na dawa za TB ni bure.

Makazi aandikishe kwako: meza ya chai, mtaa, na namba yako ya simu. Nasema hivi kwa uchungu. Kwenye kituo nilichokuwa nafanya kazi zamani, tulichukua makohozi ya mzee aliyekuwa akilala ufukweni. Penye makazi tukaacha wazi. Majibu yakatoka ana TB. Tulimtafuta siku 4, hatukumpata. Ile nafasi tupu kwenye rejista naiona mpaka leo.

Akipewa kikopo cha makohozi, asukutue mdomo kwa maji, asimame nje penye upepo, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, ndipo akohoe kutoka chini kifuani. Wengi huleta mate, na mate hayafai. Watamshauri apime na VVU. Akubali, maana maradhi haya mawili hufuatana sana.

Akikutwa na TB, dawa kwa kawaida ni za miezi 6, kila siku. Vidonge vikikaa kwenye gunia vitalowa au vitaibwa. Jitolee kuwa msimamizi wake: ukishawasha jiko alfajiri, ameze mbele yako. Na umwambie mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, ni dawa tu. Nimeona vijana wakiacha vidonge kwa hofu hiyo.

Mtoto nenda naye siku hiyo hiyo, umweleze muuguzi kuhusu kijana. Kijana akikutwa na TB na mtoto akiwa hana, anaweza kupewa dawa ya kinga.

Tafadhali usimfukuze. TB haipiti kwenye kikombe, inapita hewani, hasa palipofungwa. Hapo kibarazani penye upepo ni afadhali kuliko ghalani.