Leseni ya malori makubwa kwa wanajeshi wa Marekani

SWALI: Mimi ni Mkenya, dereva wa malori (88M) katika jeshi la Marekani, mwaka wa nne sasa. Mkataba wangu unaisha Novemba na nataka kuendesha trela uraiani. Wenzangu wanasema mwanajeshi hafanyi mtihani. Ni kweli? Leseni yangu ya kawaida ni ya Minnesota.
Msomaji, Killeen, Texas

JIBU: Ni kweli, ila kwa masharti, ndugu yetu. Kanuni za shirikisho zinaruhusu jimbo kukusamehe mtihani wa vitendo, na tangu 2018 hata ule wa maandishi. Zinaruhusu tu, hazilazimishi, kwa hiyo ulizia kwanza ofisi ya leseni ya jimbo.

Msamaha wa vitendo unataka uwe umeendesha gari la daraja la leseni unayoomba miaka 2 mfululizo hadi siku ya kutoka jeshini, na uombe ndani ya mwaka mmoja tangu utoke. Aliyehamishiwa ofisini miezi ya mwisho hukwama hapa. Wa maandishi unawahusu waliofunzwa kazi hiyo jeshini: 88M mmo, na 92F wa mafuta pia. Fomu ya jimbo husainiwa na kamanda. Ipate sahihi hiyo ukiwa bado kikosini, maana ukishaondoka kumsaka kamanda aliyehamishwa ni kazi.

Wengi huangushwa na gari lenyewe. Humvee, lile gari dogo la jeshi, haihesabiki, kwani haifiki pauni 26,001 (kilo 11,794). Lori zito lisilo na trela hukupa daraja B tu. Kwa daraja A uwe umevuta trela inayozidi pauni 10,000, kama wafanyavyo madereva wa M915, lori la jeshi la kuvuta trela. Na kama lori lako lilikuwa la otomatiki, leseni itakuzuia kuendesha gia za mkono mpaka ufanye mtihani kwa lori la namna hiyo.

Rekodi yako nayo iwe safi: katika miaka 2 hiyo leseni isiwe imesimamishwa, wala usiwe na kosa la barabarani lililohusiana na ajali. Cheti cha afya cha dereva hakisamehewi. Ukitaka kubeba mizigo ya hatari, utachunguzwa na TSA (idara ya usalama wa usafiri) na kuchukuliwa alama za vidole.

Kuhusu Minnesota usihofu. Tangu 2012 sheria inaruhusu jimbo ulikopangiwa kituo kukupa leseni hii. Ile ya zamani utairudisha, kwani huruhusiwi kuwa na mbili.

SWALI: Mume wangu aliacha jeshi miezi 14 iliyopita. Amechelewa?
Mama wawili, Ohio

JIBU: Msamaha umempita, dada. Atapitia njia ya raia: kibali cha kujifunza, mafunzo katika shule iliyosajiliwa na serikali ya shirikisho (lazima tangu Februari 2022), na kusubiri angalau siku 14 tangu apate kibali kabla ya mtihani wa vitendo. Kabla ya kulipa ada, aulize kama shule imeidhinishwa kwa GI Bill, yaani mafao ya masomo ya waliotumikia jeshi. Mafao hayo hurudisha pia ada ya mtihani wa leseni, hadi dola 2,000.