Re: Kwa nini tiketi ya Chicago inaandikwa ORD na siyo O'Hare?

Mkuu, tiketi yako haina kosa. Uwanja ule wa ndege wa O'Hare, Chicago, zamani uliitwa Orchard Field, ndiko ORD ilikotoka. Mwaka 1949 ukapewa jina la O'Hare, ila zile herufi tatu za uwanja zinazoandikwa kwenye tiketi na mizigo hazikuguswa.

O'Hare ni ukoo wa Kiayalandi, kwao hasa Armagh. Kwa Kiayalandi huandikwa Ó hÍr, na hiyo "Ó" ni mjukuu au mzao. Mwenye jina lililopewa uwanja ni Edward "Butch" O'Hare, rubani wa jeshi la maji la Marekani, mzaliwa wa St. Louis. Februari 1942 alivamia kundi la ndege za Kijapani karibu peke yake, akapewa Medali ya Heshima. Novemba 1943 akapotea baharini usiku, hakuonekana tena. Manowari USS O'Hare nayo ilibeba jina lake.

Sasa cheka: baba yake alikuwa wakili wa Al Capone, yule bosi wa majambazi wa Chicago, akageuka kumchomea kwa serikali, akapigwa risasi Chicago hiyohiyo mwaka 1939!

Ukipata nafasi pita Terminal 2, kuna ndege ya kivita aina ya Wildcat kama aliyorusha Butch. Iliopolewa Ziwa Michigan.