Laini mbili, mtaro mmoja: majibu ya maswali yenu kuhusu faiba

Nina nyumba ya wageni Paje, Unguja. Nalipia faiba, yaani intaneti ya waya wa nyuzi za kioo, kwa kampuni mbili, lakini mwezi uliopita zilikatika zote kwa pamoja. Nimetapeliwa?

Sidhani, dada yangu. Yaelekea waya zote mbili zinapita mtaro mmoja, au kampuni moja inakodi nyuzi kwa mwenzake. Kijiko kikipita hapo kuchimbia bomba la maji, zote zimekwenda. Kabla ya kulipa tena, waulize wote wawili: waya wenu unaingia kijijini kwa barabara gani, na mjini unafikia kituo gani? Majibu yakifanana, baki na faiba moja, ya pili chukua intaneti ya mnara wa simu.

Nimewahi kukaa pembeni ya shimo usiku, fundi kajifunika turubai ili mchanga usiingie, anaunga uzi mmoja mmoja mwembamba kama unywele kwa mashine inayoyeyusha kioo. Nyuzi 48, zote kwa mkono. Tangu siku ile simlaumu fundi. Namuuliza mwenye kampuni njia ya pili iko wapi.

Wanaposema mtandao wa "pete", maana yake nini?

Waya unakwenda Nungwi kwa barabara moja na kurudi mjini kwa nyingine. Ukikatika upande mmoja, mawasiliano yanageukia upande wa pili. Ukirudi kwa barabara ile ile, hiyo si pete.

Mei 2024 intaneti ilizorota na hapa kwetu hapakuchimbwa kitu. Kwa nini?

Tarehe 12 Mei mikongo ya EASSy na SEACOM, yaani waya za chini ya bahari zinazotuunganisha na intaneti ya dunia, ilikatika baharini, upande wa Afrika Kusini. Februari mwaka huohuo SEACOM ilikuwa imeshakatika Bahari ya Shamu, pamoja na mingine. Kusini shida, kaskazini shida. Kwa hiyo hata pete nzuri ya kisiwani haitoshi kama kule nje njia ni chache.

Umeme ukikatika, faiba nayo inazima?

Uzi hauhitaji umeme, mitambo ya ncha mbili ndiyo inayouhitaji. Waliokuwapo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua miezi mitatu ya giza ilivyokuwa, kwa kuwa tulitegemea laini moja ya umeme ya baharini kutoka Bara. Nyumbani weka betri ndogo kwenye ruta. Kisha iulize kampuni betri za kituo chao zinadumu saa ngapi, na nani anatia mafuta ya jenereta usiku wa Jumapili.