Jibu: Kwa nini wafungwa wanamfuata Irwin na si Winter?

Ndugu, umeuliza kwa nini wafungwa wa gereza la kijeshi katika filamu ya The Last Castle (2001) wanamtii mfungwa mwenzao Irwin ilhali funguo na bunduki anazo Kanali Winter, mkuu wa gereza. Mimi naliona jibu kwenye yale mawe. Irwin, jenerali aliyevuliwa cheo, anaadhibiwa kubeba mawe mazito kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, kisha ayarudishe yalikotoka. Mgongo unachubuka, jasho linamtiririka, wala haombi msamaha. Wenzake wanaanza kwa kutazama tu. Baadaye wanamhesabia jiwe baada ya jiwe. Pale ndipo anapowapata, kabla hajatoa amri hata moja.

Winter ana kabati la kumbukumbu za vita asivyopigana. Saluti ameipiga marufuku, wafungwa wakabuni yao: kupitisha mkono kwenye nywele.

Niliitazama mtaani Umoja na mzee jirani yetu, mwanajeshi mstaafu. Hapo kwenye saluti alikaa wima kitini, akanyamaza kabisa.

Ukiipenda, tafuta filamu ya The Hill ya 1965, aliyoigiza Sean Connery. Ni kali zaidi, na kwangu mimi ni bora.