Mdogo wako na shisha

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Umeniuliza inakuwaje mdogo wako, mwenye A ya biolojia, avute shisha ilhali anajua moshi unavyoyafanya mapafu.

Anajua sana. Nilipomkalisha barazani alinitajia saratani, moyo na kifua kama anayesoma daftari. Kisha akasema: "Lakini Mama, hayo ni ya wazee wavuta sigara. Hii ni matunda, na maji yanachuja." Hapo ndipo pagumu. Ugonjwa anaukubali, ila haamini kama unamhusu.

Nikamjibu hivi. Maji yanaupoza moshi tu, usiwashe koo, ndiyo maana mtu anauvuta kwa pumzi ndefu. Sumu inapita. Ladha ya tufaha imechanganywa na tumbaku, na lile kaa la juu linatoa kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Shirika la Afya Duniani linasema kikao cha saa moja chaweza kumwingiza mtu moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Akacheka, akasema mbona wenzake wazima. Serikali ya Kenya ilipiga shisha marufuku mwaka 2017. Kwa vijana hawa, nadhani ndiyo kwanza ikanoga.

Sigara nayo inauzwa mojamoja vibandani, japo sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza. Anayenunua moja haioni hata picha ya onyo kwenye pakiti.

Ila kinachonitisha mimi ni ile "nitaacha nikitaka". Nikotini huushika ubongo wa kijana upesi kuliko wa mtu mzima. Jumatatu alifunga sunna. Magharibi ilipoadhiniwa akatafuna tende moja, kaimati hakuzigusa, mkono uko kwenye simu anawauliza wenzake wako wapi. Hata hakujishtukia.

Kwa hiyo ukimpigia, mambo ya saratani yaache, ameyahifadhi. Muulize mbona siku hizi kocha anamtoa kabla ya mapumziko. Muulize pesa za nauli zinaishia wapi. Halafu mwekee dau, wiki mbili bila kuvuta, na ukija Idi umlipe au akulipe. Wewe atakwambia ukweli akishindwa. Mimi ataniapia.

Mamako