Kwaya imegawanyika: nianzie wapi?

Ndugu mpendwa, Bwana Yesu asifiwe. Unasema kwaya yenu imegawanyika makundi mawili kwa sababu ya uongozi, nawe unataka kujua upande upi una haki. Mimi naona swali hilo lenyewe ndilo linalolisha ugomvi.

Soma Luka 22:24. Mezani, usiku ule ule wa kusalitiwa Bwana, mitume walishindana nani aliye mkubwa. Yohana 13 inasema usiku huo Yesu alijifunga kitambaa akawaosha miguu, hata Yuda, ambaye tayari alikuwa amekusudia kumsaliti. Hapo mimi hukwama kila nisomapo. Hakungoja wapatane kwanza.

Katika kanisa la Korintho nako waumini walisema, "Mimi ni wa Paulo," "Mimi ni wa Apolo." Mafundisho ya wahubiri hao wawili hayakupingana, watu walitafuta jina la kujivunia.

Kwa hiyo usiitishe kikao kingine. Mwendee yule mnayepishana naye zaidi, peke yako, umuulize ana mzigo gani, kisha umsaidie kuubeba bila kumtangazia mtu. Na uongozi ukienda kwa upande wa pili, endelea kuimba.