Miaka 17 Ndani ya Fulana Mbili

Anayeijua Tanga msimu wa kaskazi ataelewa uzito wa maneno haya: kuanzia miaka 14 hadi 31 sikutoka nje bila fulana mbili chini ya shati, ya ndani ikiwa ndogo kuliko mwili wangu, ya kubana. Jasho lilinitiririka hadi mkanda wa suruali ukalowa, na nilikuwa radhi. Nilikuwa na maziwa, yaani matiti yaliyokua kama ya mwanamke, nami ni mwanamume. Madaktari wana jina lao, gainekomastia, lakini shuleni niliitwa kwa jina la mwanamke anayenyonyesha na sitaliandika hapa.

Mpira niliuacha kwa sababu uwanjani timu moja huvua mashati ili watu watambuane, na sikuwa na namna ya kujua nitaangukia upande gani. Raskazone nilikwenda na wenzangu miaka yote ya ujana na kazi yangu ilikuwa kulinda nguo zao ukutani wakati wao wanaogelea. Sikukuu ya Idi, kanzu nyeupe nyepesi, mimi peke yangu ndiye niliyevaa koti juani. Naandika haya kwa ajili ya kijana anayelivaa koti hilo leo, maana nimejifunza kwa gharama kwamba kuficha ndiko kulikonichelewesha. Ningevua shati mbele ya daktari mapema, miaka mingi ya hiyo 17 ingepungua.

Mara ya kwanza kumwona mtaalamu nilikuwa na miaka 26, kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja. Hakunigusa. Aliniangalia juu ya shati akasema punguza mwili. Nikapunguza: nilitembea, nikaacha soda, chapati nikazila siku ya Ijumaa tu. Kilo 11 zikaondoka. Tumbo liliisha, uso ukakonda hadi mama akadhani naumwa, na kifua kikabaki vilevile, tena kikaonekana zaidi.

Baadaye ndipo nikampata daktari aliyenilaza chali, mikono nyuma ya kichwa, akaweka kidole gumba na cha shahada pande mbili za ziwa na kuvileta polepole kuelekea kwenye chuchu. Vidole vikakutana na kitu kigumu kiasi, cha duara, mfano wa kitumbua kidogo, kinachosogea chini ya chuchu. Akaniambia hiyo ni tezi ya maziwa yenyewe. Vidole vingefika kwenye chuchu bila kukutana na kitu, ingekuwa mafuta matupu, na hapo kupunguza mwili kungesaidia. Uchunguzi wa dakika mbili ulinipa jibu ambalo kilo 11 hazikunipa.

Kisha akaomba kunikagua korodani. Nilikasirika nikakaribia kuondoka. Alinieleza kwa utulivu kwamba uvimbe wa korodani, hata mdogo, unaweza kumwaga homoni zinazokuza maziwa ya mwanamume, na kwamba hawezi kunituma kwa mpasuaji kabla ya kuhakikisha. Nikamruhusu. Akaniuliza pia dawa ninazotumia, na orodha yake ilinishangaza: simetidini ya vidonda vya tumbo, spironolaktoni ya moyo na maji mwilini, ketokonazoli ya fangasi, efavirenzi waliyotumia wengi wenye virusi vya UKIMWI, na sindano za misuli ambazo vijana wa jimu huuziana kimyakimya. Pombe nyingi na ini lililoharibika nazo zimo. Ukiwa unatumia mojawapo ya dawa ulizoandikiwa hospitali usiiache kwa uamuzi wako, mwambie aliyekuandikia, huenda ikabadilishwa. Nilipima damu, homoni na ini, nikafanyiwa altrasaundi. Vyote vilikuwa salama. Yangu ilikuwa ya balehe, ile ambayo kwa vijana wengi hupotea yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2, ila kwangu ikabaki. Ikishapita mwaka mmoja au zaidi tezi hugeuka kama kovu ndani kwa ndani, na vidonge haviifanyii kitu kikubwa.

Kuna dalili ambazo hazisubiri makala ya mtu: uvimbe mgumu upande mmoja tu, usiosogea, ulio pembeni ya chuchu, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani, au damu inayotoka. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia. Ni kama mgonjwa 1 kati ya 100 wa saratani hiyo, nao mara nyingi huchelewa hospitali kwa aibu hiihii niliyokuwa nayo.

Kuamua kupasuliwa kulinichukua miaka 3. Mjomba wangu wa Ngamiani alisema alichoumba Mungu hakikatwi. Sikumbishia, ni mkubwa wangu, lakini nilikwenda kumuuliza sheikh anayetufundisha mtaani. Akaniuliza: "Unataka kujipamba, au kuna kilichotoka kwenye kawaida yake?" Nikamweleza. Akasema kurudisha kiungo kwenye hali yake ni tiba. Mke wangu alikuwa na swali moja tu, kama naweza kufa. Nikalipeleka swali lake kwa daktari kama lilivyo. Wewe pia usiende peke yako kwenye maongezi yale. Ukiwa na aibu husikii nusu ya unayoambiwa.

Bima yangu iliihesabu kazi hii kuwa urembo, nikalipa mwenyewe kwa akiba na mchezo wa kazini, ule upatu wa kupokezana. Uliza mapema, na ubebe barua ya daktari inayoeleza maumivu na vipimo.

Mpasuaji alikuwa Dar es Salaam. Nilimuuliza amefanya ngapi za wanaume, akanionyesha picha, zikiwemo ambazo hazikutoka vizuri. Hilo lilinipa imani kuliko maneno yote. Yeye naye alinitazama begani, kwenye kovu la chanjo lililofura, akanionya kwamba ngozi yangu huota makovu manene, hivyo atapitisha kisu kwenye ukingo wa chini wa duara jeusi la chuchu, ambako kovu hujificha. Akasema pia kwamba hataondoa tezi yote: ataacha utando mwembamba chini ya chuchu, la sivyo kifua hubonyea kama kisosi. Sigara aliniambia niache wiki kadhaa kabla, na dawa za aspirini pia.

Nusukaputi, saa moja na nusu, nikaamka na mirija miwili ya kutolea damu na majimaji kifuani, na fulana ya kubana. Nyama ilipelekwa maabara, nawe hakikisha yako inapelekwa. Usiku wa pili, nikiwa kwa shangazi Temeke, upande wa kulia ulijaa ukawa mgumu, ngozi ikavutika. Damu ilikuwa imekusanyika ndani. Tulirudi usiku uleule wakaitoa. Ndiyo sababu nawaambia wanaotoka mikoani: usipande basi la kurudi siku ya pili. Mimi nilikaa siku 9, na hata hivyo njia ya Segera niliipita nimekumbatia mto kifuani, kila tuta nikilihesabu.

Fulana ile nilivaa usiku na mchana wiki 6. Kulala ni chali tu, mito miwili. Kunyanyua mikono kwa takbira kuliniuma wiki ya kwanza, nikaswali nimekaa. Baiskeli nilikatazwa mwezi mzima, na kwa mtu wa Tanga hilo si dogo, nikawa natembea kwa miguu hadi Chumbageni kazini.

Nilichopata si kifua cha picha. Chuchu ya kulia iko chini kidogo kuliko ya kushoto. Ganzi ilidumu miezi 5. Na mabega yangu bado yanajikunja nikiingia kwenye chumba cha watu, mkono bado unavuta shati mbele, mazoea ya miaka mingi hayakukatwa na kisu. Hilo hakuna aliyenieleza, na laiti ningelijua. Lakini Idi iliyofuata nilivaa kanzu bila koti, na sijutii shilingi hata moja.

Mpwa wangu wa Pongwe ana miaka 14. Dada yangu alinipigia simu kwamba mtoto hataki kwenda shule siku za michezo. Nilikwenda, nikavua shati mbele yake, nikamwonyesha makovu, ndipo akakubali kuonyesha kwake. Hajapasuliwa wala hahitaji kwa sasa. Daktari amemkagua, amesema asubiri, na kadi yake imeandikwa arudi baada ya miezi 6. Nimeomba ruhusa kazini siku hiyo, nitakwenda naye.